Kiti cha Baba Nokwazi

Nyumbani kwa MaKhoza hakikutupwa kitu kilichobakiwa na kazi, na kwa macho yake karibu kila kitu kilikuwa bado na kazi. Kopo la aiskrimu lililokuwa mezani asubuhi ile halikuwa limeona aiskrimu tangu kitinda mimba wake, Nokwazi, hajaota meno. Lilishatunza maharage, likatunza nyuzi na vifungo, na sasa lilikuwa linapangwa kuku, jogoo mzee aliyechemshwa kwa chumvi tu mpaka akakubali. Pembeni kulikuwa na mkate wa mvuke uliofungwa kwa kitambaa, vikombe viwili vya bati, na galoni la maji. Hivyo ndivyo watu wa Nquthu wanavyokwenda Johannesburg: unabeba chako, unakula chako, unarudi na kopo lako.

Shemeji yake, Dumezweni Mbatha, alikuwa amekaa kizingitini anamtazama. Alikuwa mtu wa maneno, yule. Angeweza kuzungumza na mti mpaka ukaangusha majani.

"Safari hii haitaki mkono wa birika, MaKhoza," alisema.

"Nani mkono wa birika? Si nimechinja jogoo?"

"Jogoo yule alikuwa anakufa mwenyewe. Wewe umemuwahi tu."

"Basi usimle."

"Kumla nitamla. Nasema nauli. Tunakwenda wawili, tunarudi watatu. Umeweka nauli ya watatu?"

MaKhoza alifunika kopo, akalibana kwa mpira wa ndani wa baiskeli aliokuwa ameukata kama mkanda. Alichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Nilifikiri nitampakata," alisema mwishowe.

"Utampakata nani?"

"Tawi si zito, shemeji."

Dumezweni alicheka, halafu akaacha kucheka. "Kaka yangu hapakatwi. Rahisi huvunja upishi, na wewe upishi huu umeshauvunja mara moja."

Hilo lilimwingia MaKhoza, kwa sababu lilikuwa kweli. Mumewe, Fanyana Mbatha, Baba Nokwazi, alifia hospitali Johannesburg wakati wa baridi. Mwili uliletwa na gari la chama cha mazishi, wakamzika vizuri, watu wakala wakashiba. Lakini mtu aliyefia ugenini haletwi na jeneza peke yake. Mwanamume wa ukoo huenda na tawi la mkunazi mpaka kwenye kitanda alichokatia roho, akamwita marehemu kwa jina la ukoo, naye akapanda kwenye tawi na kurudi nyumbani. Njiani huambiwa kila mto na kila kona, na kwenye basi hukatiwa tiketi yake, maana yeye ni abiria.

MaKhoza ndiye aliyesema hapana haja. "Gari linatoka hospitali hiyohiyo," alisema siku ile. "Mwili na roho si vitakuja pamoja? Kwa nini tulipe mara mbili?" Watu walikuwa wamechoka kwa msiba, hakuna aliyebisha. Hata Dumezweni alinyamaza, kwa kuwa nauli hakuwa nayo. Fedha ile ikanunua viatu vya shule na mabati mawili ya kuziba jiko, na MaKhoza akaona amefanya jambo la akili.

Kisha Nokwazi akaanza kuota. "Baba yuko stendi," alimwambia mama yake asubuhi moja wakinywa uji. "Ameshika begi lake. Mabasi yanapita. Nikamwambia, baba, panda. Akasema, hawajaniita."

Mara ya kwanza MaKhoza alimwambia aache kula ugali mwingi usiku. Mara ya pili aliweka kijiko chini, akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko karibu na mabati yale mapya. Aliyatazama na kuyachukia. Alimpenda mumewe, na alikuwa amemwacha njiani kwa ajili ya mabati.

"Nimeweka nauli ya watatu," alimwambia Dumezweni sasa, bila kugeuka. "Nilikuwa nauliza tu."

 

Walilala kwa ndugu Johannesburg, na asubuhi wakaingia hospitalini pamoja na watu wa kutazama wagonjwa. Mlinzi wa mlangoni aliliona tawi lenye miiba mikononi mwa Dumezweni, akavua kofia na kuwapisha bila kuuliza. Humo watu wa aina yao huja kila wiki.

Tabu ilikuwa wodini. Kitanda cha Fanyana kilikuwa na mtu. Alikuwa kijana mwenye mguu uliofungwa plasta, na alipoona mzee anapiga magoti kando ya godoro lake na tawi, akajivuta mpaka ukutani.

"Bado niko hai, baba," alisema.

"Hatujaja kwa ajili yako, mwanangu," MaKhoza alimwambia. "Tulia tu."

Wodi nzima iliwageukia. Muuguzi mmoja alisimama na sinia la dawa, akasema wafanye haraka, daktari anakuja. MaKhoza aliona aibu ya kufanya jambo la ndani mbele ya watu waliovaa nguo za kulalia, tena wengine wanatafuna chipsi. Aliinamisha kichwa na kushika vizuri mfuko wake wa vyombo.

"Shandu kaNdaba," Dumezweni alimwita kwa jina la ukoo wao, na sauti yake ya porojo ilikuwa imeondoka. "Fanyana, mtoto wa mama yangu. Ni mimi. Nimekuja na mkeo. Ulilala hapa, huna kazi hapa tena. Panda, twende nyumbani."

Waliondoka bila kutazama nyuma. Kuanzia hapo Dumezweni alikuwa haruhusiwi kusema na mtu yeyote aliye hai mpaka tawi lifike nyumbani. Aliruhusiwa kusema na marehemu tu, na MaKhoza, Mungu amsamehe, alikuwa ameitazamia kwa hamu sehemu hiyo ya safari.

Hakujua kwamba shemeji yake angeitumia ruhusa hiyo vizuri namna ile.

"Kaka," alianza mara tu walipofika barabarani, akilitazama tawi, "tunatembea kwa miguu mpaka stendi. Teksi zipo, lakini mkeo anasema hewa ni nzuri."

 

Kwenye dirisha la tiketi MaKhoza aliomba viti viwili, kisha akaomba cha tatu kwa sauti ya chini. Msichana wa dirishani aliliona tawi.

"Pole, mama. Vitatu."

"Hicho cha tatu," MaKhoza alisema, akiegemea kioo, "kina bei gani?"

"Bei ileile."

"Lakini hana mzigo, mwanangu. Hali, hanywi, haombi basi lisimame ajisaidie. Hatakichakaza kiti. Huwezi kupunguza?"

Foleni nyuma yake ilianza kuguna. Msichana akasema kiti ni kiti, mama, awe amekalia nani.

"Hata watoto mnawapa nusu."

"Kaka," Dumezweni alisema nyuma yake, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, "usifadhaike. Mkeo anakuombea nusu nauli. Umekuwa mtoto mchanga."

Watu wakacheka. MaKhoza alifungua fundo la leso kifuani, akalipa randi zote bila kuinua macho, na masikio yake yalikuwa ya moto. Tiketi zote tatu alizifunga kwenye fundo lilelile.

Basi lilikuwa la viti vitatu upande mmoja. Dumezweni alikaa dirishani, kiti cha kati kikawa cha Fanyana na tawi lililolazwa juu yake, na MaKhoza akakaa ukingoni kwenye njia. Basi likatoka mjini, na Dumezweni akawa anamtangazia kaka yake safari: hapa tunaacha migodi, hapa kuna mahindi, yamekauka mwaka huu, hapa umewahi kuibiwa koti.

Liliposimama kituo cha mafuta, abiria walishuka kununua soda, viazi na kuku wa kwenye boksi. MaKhoza alifungua kopo lake palepale kitini. Alimpa shemeji yake paja, akachukua kipapatio, wakanywa maji kwa vikombe vya bati. Kisha akatoa firigisi, ambayo kwao hupewa baba mwenye nyumba, akaiweka juu ya kifuniko na kukisogeza karibu na tawi. Dumezweni aliitazama firigisi ile kwa muda. Kwa desturi, asingeweza hata kuiulizia.

Watu waliporudi na kumaliza kula, MaKhoza alipita kwenye njia na mfuko, akikusanya chupa tupu kabla hazijarushwa dirishani. Chupa ya soda ya lita mbili hufaa kwa mafuta ya taa na maziwa ya mgando, na ukiikata hufaa kwa miche. Mifupa aliichukua pia, kwa ajili ya mbwa.

"Mama, na matairi utayachukua tukifika?" aliuliza kijana mmoja wa kiti cha nyuma, mwenye vifaa vya muziki masikioni.

"Yakiisha nitayachukua. Nitakutengenezea viatu."

"Mimi navaa viatu vya dukani."

"Ndiyo maana unasafiri bila maji," MaKhoza alimjibu, akachukua chupa yake, na watu wa karibu wakamcheka kijana. MaKhoza alirudi kitini amefurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu watoke nyumbani, na furaha hiyo haikufika mbali.

 

Standerton walipanda watu wengi kuliko viti. Kondakta, kijana mnene mwenye sauti ya upole, aliwapanga kwenye njia mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwenye bakora, miguu imevimba na kufungwa vitambaa. Alishika mgongo wa kiti cha MaKhoza na kuanza kutafuta pumzi.

"Kaka," Dumezweni alisema taratibu, "tunavuka mto Vaal. Shika vizuri, tusikuache majini."

Bibi alisikia maneno hayo, akaliona tawi, akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini basi liliyumba, bakora ikateleza, naye akamwangukia MaKhoza begani. Kondakta akaja.

"Mama, samahani," alisema. "Najua hicho kiti kina mtu. Mimi pia nina wazee wangu. Lakini bibi huyu anashuka Dundee, na hawezi kusimama mpaka huko. Huyo mzee wetu hana miguu ya kuchoka. Hawezi kumpisha kidogo?"

"Kiti hiki kimelipiwa," MaKhoza alisema.

"Kimelipiwa, mama, sikatai."

"Tiketi ninayo."

"Niacheni," bibi alisema. "Nitasimama. Nimesimama kwingi."

Basi zima sasa lilikuwa linasikiliza. Na kijana wa kiti cha nyuma, ambaye bado alikuwa na deni la kuchekwa, akasema kwa sauti, "Ajabu kweli. Mtu hatupi hata chupa ya soda, lakini kiti kizima anakitupa."

Hakuna aliyecheka. MaKhoza aliona macho ya watu juu yake, na la kuumiza zaidi ni kwamba kijana alikuwa amemsema kwa lugha yake MaKhoza mwenyewe. Kiti kitupu na bibi mgonjwa amesimama: kama angekuwa mwingine, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kusema huo ni uharibifu. Na isitoshe alimjua mumewe. Fanyana angeshasimama zamani. Angesimama kabla bibi hajamaliza kupanda ngazi, akasema mimi nimezoea.

Alizoea kweli. Alikuwa mlinzi wa mlango wa duka la nguo huko Johannesburg tangu ujana wake. Mwenye duka hakutaka mlinzi mwenye kiti, alisema kiti huleta usingizi. Hata mkate wake wa mchana Fanyana aliula amesimama nyuma ya mlango. Akija nyumbani Desemba, MaKhoza alimkanda nyayo kwa maji ya chumvi, na hata treni ya kumleta walichagua ile ya bei ya chini ambayo mwisho wa mwezi hujaa hadi unasimama utake usitake. Na alipokufa, mkewe alimsimamisha tena, stendi, na begi mkononi.

"Kaka," Dumezweni alisema. Alikuwa hatazami tawi; alikuwa anatazama nje. "Ningesimama mimi, lakini ndimi niliyekubeba. Nikisimama, nawe utasimama. Sijui tufanyeje, kaka. Muulize mkeo."

MaKhoza alishika chuma cha kiti cha mbele akainuka.

"Kaa hapa, bibi," alisema. "Hiki ni changu."

"Mwanangu, na wewe si msichana."

"Kaa." Kisha akamgeukia kondakta, na sauti yake ilikuwa tulivu, lakini ilifika mpaka kwa kijana wa nyuma. "Mume wangu alisimama mlangoni kwa watu maisha yake yote. Leo amelipiwa. Leo anakaa."

Kondakta alisema, "Sawa, mama," akarudi mbele. Bibi aliketi, akavuta gauni lake lisiguse tawi, na baada ya muda akalisalimia kwa sauti ndogo, kama unavyomsalimia jirani wa kiti.

MaKhoza alisimama. Mbele ya Volksrust viatu vilianza kumbana. Alivivua na kuvitia mfukoni pamoja na chupa. Kwenye miteremko ya Newcastle alikuwa anabadilisha mguu kila kona. Kijana wa nyuma alimgusa bega na kusema, mama, njoo ukae kwangu. Akamjibu, kaa, mwanangu, umelipia. Kijana alirudi kitini. Baadaye kidogo alimaliza maji aliyokuwa amenunua, akainuka tena, akamletea chupa tupu bila kuombwa, na kifuniko chake.

Dumezweni aliendelea kutangaza safari, ila sasa kwa maneno machache. "Newcastle, kaka." "Dundee, kaka." Dundee bibi alishuka na kumshika MaKhoza mikono yote miwili, na MaKhoza akakaa kwa kipande kilichobaki. Baada ya kitambo Dumezweni alisema, "Huu ni mto Mzinyathi, kaka. Hapa unapajua," kwa kuwa walikuwa wakioga hapo walipokuwa watoto.

 

Jua lilikuwa bado juu ya kilima walipoingia uani. Majirani wachache walikuwa wamekuja, na mbuzi alikuwa amefungwa kwenye zizi. Dumezweni hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya msonge, akainama mlangoni, akalilaza tawi nyuma kabisa, mahali pa wazee waliotangulia.

"Umefika, Shandu," alisema. "Hapa ni kwako. Pumzika, ututazame."

Akatoka nje. Sasa alikuwa huru kusema na walio hai, na kila aliyemjua alivuta kigoda karibu, maana mtu kama yule, akinyamazishwa kutwa nzima, atakuwa na kisima cha maneno. MaKhoza naye alijiandaa kusikia habari za nusu nauli mbele ya majirani.

Dumezweni alinawa mikono. Alimtafuta shemeji yake kwa macho, akamwona ameegemea ukuta wa jiko, miguu mitupu, imejaa vumbi na kuvimba.

"Miguu ikoje, MaKhoza?" aliuliza.

"Ipo, shemeji."

"Ahsante," alisema Dumezweni, na hakuongeza neno.

MaKhoza alianza kutoa vitu mfukoni. Chupa aliziweka upande mmoja zioshwe, mifupa akampa mbwa, kitambaa cha mkate akakikung'uta. Nokwazi alikuja kumsaidia. Akafungua kopo la aiskrimu, akakuta firigisi iko peke yake ndani, imeanza kukauka pembeni.

"Mama, hii hamkula? Nimpe mbwa?"

MaKhoza alimnyang'anya kopo. Akatafuta sahani ya udongo, ile nzuri ya wageni, akaiweka firigisi juu yake pamoja na kipande cha mkate. Akachota maji kwa kikombe cha bati. Aliingia navyo nyumba ya msonge, akaviweka mbele ya tawi, akabaki amepiga magoti kwa muda. Nokwazi alichungulia mlangoni.

"Mama, itakaa hapo mpaka lini? Itaharibika."

"Iache," MaKhoza alisema. Alikuwa analia, na hakujifuta. "Baba yako ndiyo kwanza anafika. Mwache ale akiwa amekaa."